Glasi ya kijani yenye mwandiko wa almasi: ni ya 1667 kweli, na ukungu wake nifanyeje?

Swali, nimelifupisha kidogo:

"Habari za kazi. Naishi Leiden huku Uholanzi, kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Bibi mmoja niliyemhudumia muda mrefu alifariki, watoto wake wakanipa glasi moja ya kijani iwe kumbukumbu. Tumbo lake la mviringo, shina nene lina vinundu vinundu kama matunda ya forosadi, na mguu umezungushwa kama kamba. Juu kuna mwandiko wa mapambo umechongwa kuzunguka glasi nzima, herufi zina mikia mirefu inapindana, nimeweza kusoma vriendschap na jaer na mwaka 1667. Jirani mmoja kaniambia ni feki za kuuzia watalii, mwingine kasema nimeokota utajiri. Shida ina ukungu na maandishi yanazidi kufifia. Nimeshauriwa niiloweke kwenye siki usiku mzima alafu nipake rangi ya dhahabu kwenye herufi zionekane. Baadae nataka nimpelekee mama Tanga aiweke kabatini. Je ni ya kweli? Nianzie wapi?"

Pole sana kwa msiba dada yangu, na hongera pia, maana watu hawampi mhudumu kitu cha mama yao hivi hivi tu. Kabla hatujaenda mbali: siki usiweke, dhahabu usipake, na kama glasi ipo dirishani au juu ya hita iondoe leo. Mengine yote yanaweza kusubiri, hayo matatu hayasubiri.

Kuhusu majirani zako, wote wawili wamejibu kabla ya kuangalia. Kitu kama hiki kina umri wa aina tatu na watu huwa wanauchanganya: umri wa kioo chenyewe, umri wa mwandiko uliochongwa juu yake, na mwaka ulioandikwa. Vitatu hivyo vinaweza kuwa sawa na vinaweza visiwe. Glasi tupu ya karne ya 17 inaweza kuchongwa maneno karne ya 19 na mtu aliyetaka ipande bei, na hao walikuwepo wengi tu. Kuna pia glasi iliyotengenezwa juzi ikaandikwa mwaka wa zamani bila nia mbaya, zawadi ya kumbukumbu ya harusi au ya mji. Kwa hiyo mwaka 1667 ndo ushahidi dhaifu kuliko yote uliyonayo, maana tarakimu nne ni kazi ya dakika kumi kwa mtu mwenye mkono mzuri.

Tuanze na kioo. Ulivyoielezea hiyo ni roemer, glasi ya mvinyo iliyotumika sana Uholanzi na Ujerumani, na ukienda makumbusho ya Rijksmuseum kule Amsterdam ukaangalia picha za meza za wachoraji Willem Claesz Heda au Pieter Claesz utaiona imesimama pembeni ya ndimu iliyomenywa nusu, kijani ile ile. Ule ukijani kwa kawaida unatokana na chuma kilichomo kwenye mchanga, na kioo chenyewe kiliyeyushwa kwa majivu ya miti, ndo maana kinaitwa kioo cha msituni. Vile vinundu vya forosadi ni matone ya kioo cha moto yaliyobandikwa kwenye shina na kugongwa muhuri, vizuri kwa mkono wenye mafuta ya nyama usiteleze.

Sasa geuza glasi uangalie mguu, hapa ndo pa maana. Roemer ya karne ya 17 mguu wake ulijengwa kwa kuzungusha uzi wa kioo cha moto, mzunguko juu ya mzunguko, kwa hiyo ukipitisha kidole utasikia uzi haujalingana, sehemu mnene sehemu mwembamba, na mara nyingi unaweza kuona kabisa unapoishia. Baadae mafundi walirahisisha, mguu ukapulizwa mzima na mistari ikawa ya kuigiza. Mwishoni mwa karne ya 19 Wajerumani walipendezwa tena na mambo ya kale, na kiwanda cha Rheinische Glashütten pale Ehrenfeld, Cologne, chini ya mkurugenzi Oskar Rauter kilitoa roemer nzuri sana za mtindo wa zamani. Hizo siyo feki, zilikuwa bidhaa halali zenye heshima yake, ila zimeshawapeleka wengi porini. Ukiona mistari ya mguu imelingana mno, kioo ni safi hakina mapovu, kijani ni kile kile kila mahali, basi fikiria huko. Angalia pia chini kabisa katikati kama kuna kovu lililokwaruza, pale fimbo ya chuma ya fundi ilipokatwa. Na mikwaruzo ya kukaa mezani miaka mingi huenda ovyo ovyo, kila mmoja na njia yake, ila mtu akisugua kitako kwenye msasa ili kizeeke haraka mikwaruzo inafuatana upande mmoja au inazunguka duara.

Haya, mwandiko. Hapa nitakaa kidogo maana ndo moyo wa swali lako, na mji unaoishi una historia yake katika jambo hili.

Uholanzi ya karne ya 17 watu waliosoma waliuchukulia mwandiko mzuri kama sanaa kamili. Mwalimu wa mwandiko Jan van den Velde alichapisha Rotterdam mwaka 1605 mifano yake ya herufi na mapindo, na mikia ile mirefu inayojikunja kama nyoka akajirudia ikawa fasheni. Sasa kuna waliohamisha mambo hayo kutoka karatasi kwenda kioo. Anna Roemers Visscher wa Amsterdam, aliyefariki 1651, mshairi, alikuwa anachonga kwa ncha ya almasi maneno ya Kilatini na Kigiriki kwenye roemer pamoja na maua na wadudu, anawapa marafiki. Mdogo wake Maria Tesselschade naye hivyo hivyo, na Rijksmuseum wanayo roemer yake yenye maneno Sic Soleo Amicos, yaani hivi ndivyo ninavyowafanyia marafiki. Anna Maria van Schurman, yule mwanamke msomi wa Utrecht, naye alichonga vioo. Hawa hawakuwa na karakana wala duka, ilikuwa zawadi ya mtu kwa mtu, ndo maana neno vriendschap, yaani urafiki, kwenye glasi yako linakaa mahali pake kabisa.

Alafu yupo Willem van Heemskerk, 1613 hadi 1692, mfanyabiashara wa vitambaa hapo hapo Leiden. Mchana anauza sufu, muda wake mwingine anaandika mashairi na kuchonga chupa, na kwangu mimi hakuna aliyemfikia. Chupa zake zina tumbo nene na shingo ndefu, nyingine za kijani nyingine za buluu, na sentensi nzima inazunguka mwili wa chupa kwa mikia inayopanda na kushuka bila kukatika. Alikuwa na kawaida ya kusaini na kuweka mwaka, na uzeeni akawa anaandika na umri wake, nadhani kwa majivuno kidogo na haki yake. Mwaka 1667 alikuwa hai, anachonga, mtaa siyo mbali na kwako. Sijasema ni yeye! Nasema hivyo ili usimkubalie yule wa "feki za watalii" haraka, na pia ili usikimbilie kumwandikia mama kwamba mmetajirika. Watu wengi walichonga, wengi hawakusaini. Museum De Lakenhal ipo mjini kwako, wana kazi zake, nenda siku ya mapumziko ukatazame kwa macho yako herufi zake zinavyotembea kabla hujalinganisha chochote.

Sasa tujue kinachotendeka kwenye kioo. Kalamu ya unyoya ukiikandamiza inatanuka, mstari unanenepa, ukilegeza mkono unakuwa mwembamba, na uzuri wote wa mwandiko ule upo kwenye kunenepa na kukonda. Almasi haina tabia hiyo. Almasi inakwaruza mstari mmoja mwembamba kama unywele, ukikandamiza zaidi kioo kinamenyeka tu. Kwa hiyo mchongaji akitaka sehemu nene ya herufi inabidi aidanganye: anachora mipaka miwili, alafu katikati anajaza vimistari vidogo sambamba, vingi, kimoja kimoja kwa mkono. Ukiwa mbali unaona mstari mnene mweupe, ukisogea na lenzi unaona ni kama mkeka.

Basi nunua lenzi ya sonara ya mara 10, bei ndogo tu, na uangalie ndani ya sehemu nene za herufi. Ukikuta vimistari vya mkono, vingine vimezidi mpaka kidogo, vingine vimepishana nafasi, na kingo za kila mstari zina vipande vidogo vidogo vilivyochomoka kama magamba, hiyo ni almasi. Ukikuta mfereji laini wenye kitako cha mviringo, hilo ni gurudumu dogo la shaba lililokuwa linazungushwa na unga wa kusagia na mafuta, ufundi mwingine wa heshima uliotoka pande za Prague na Ujerumani na ukashika sana Uholanzi karne ya 18. Ukikuta ukungu uliolingana, hauna mstari hata mmoja ndani, hiyo ni asidi au mchanga unaopulizwa. Asidi kwenye vioo ni mambo ya karne ya 19, na hataza ya kupuliza mchanga alipata Mmarekani Tilghman mwaka 1870, kwa hiyo mwandiko wa namna hiyo haujafika 1667 hata ukiandikwa tarehe gani. Na leza ya siku hizi ukiikuza unaona vidoti vilivyopangwa foleni kama askari, hamna mkono wa binadamu pale.

Tazama pia makosa. Kioo cha msituni kina mapovu na uso wake haujanyooka, almasi ikipita juu ya povu inaruka, na haina kifutio. Mwandiko wa kweli una sehemu mkono umeteleza ukafichwa ndani ya mkia wa herufi, una sehemu nafasi imeisha herufi zikabanana, au nafasi imebaki likaongezwa pindo la kujazia. Mwandiko uliolingana kuzunguka glasi nzima bila hata kosa moja unanitia wasiwasi kuliko wenye makosa. Kingine, tafuta mikwaruzo ya matumizi inayopita JUU ya herufi, maana kama glasi ina mikwaruzo ya miaka mia tatu na hakuna hata mmoja unaokatiza mwandiko, mwandiko umeikuta mikwaruzo. Na pitisha kidole taratibu, mchongo mpya mara nyingi unakwaruza ngozi, wa zamani umeshalainishwa na kuoshwa na kufutwa.

Tahajia ya jaer, yaani mwaka, badala ya jaar ya leo inaendana na karne ya 17, ni nukta moja upande wako, lakini mwigaji aliyesoma naye anaijua, usiipe uzito mkubwa.

Tuje kwenye kufifia. Dada, maandishi yaliyochongwa hayafifii kama wino, kwa sababu hakuna kitu kilichopakwa pale. Weupe unaouona ni mwanga unaogonga kingo zilizovunjika za mfereji na kutawanyika. Mifereji ikijaa mafuta ya vidole na vumbi, au uso wa kioo wote ukipata ukungu, tofauti kati ya herufi na pembeni inapungua na wewe unaona kama yanafutika. Ndo maana glasi ikiwa na maji juu yake mwandiko unapotea kabisa na ukikauka unarudi. Jaribu hivi jioni: chumba giza, kunja kitambaa cheusi ukiingize ndani ya glasi bila kusukuma, washa tochi ya simu kutoka pembeni siyo mbele. Utashangaa. Na hapo hapo piga picha zako, hizo ndo za kumwonyesha mtaalamu, siyo za flashi.

Ukungu wenyewe unaweza kuwa mambo matatu. Moja ni chokaa ya maji, rahisi. Mbili ni uso uliochakaa kwa mashine ya kuoshea vyombo, huo haurudi. Tatu, ambayo inanisumbua mimi, ni ugonjwa wa kioo. Majivu ya miti yaliyoingia kwenye kioo hiki yana potashi, na kama mchanganyiko wa fundi haukukaa sawa, unyevu wa hewani unaivuta ile potashi taratibu kuja juu. Kwanza glasi inakuwa inateleza kama ina sabuni hata ukiwa umeiosha, au inatoa vitone vidogo kama jasho, baadae uso unapasuka vipasuko vidogo visivyohesabika. Haponi, anatunzwa tu, na dawa yake ni hewa tulivu, unyevu wa asilimia 40 hadi 50, joto lisilopanda na kushuka. Kipimo cha unyevu cha dijitali kinauzwa madukani, weka kimoja kabatini.

Sasa unaona kwa nini nimeikataa siki. Asidi inaichomoa ile potashi haraka zaidi, na kuloweka usiku mzima ni kuipa unyevu na asidi kwa pamoja. Dawa ya meno nayo hapana, ina mchanga. Kama glasi HAITELEZI wala haina vitone wala vipasuko, unaweza kuiosha mara moja: beseni la plastiki, taulo chini, maji ya uvuguvugu yasiyo moto, tone moja la sabuni ya vyombo isiyo na rangi, brashi laini ya rangi za maji kwenye herufi, suuza kwa maji yaliyochujwa chumvi yale ya pasi, kausha hapo hapo kwa kitambaa cha pamba, na vua pete. Ikiwa inateleza au inatoa vitone usiiguse, ipeleke kwa mtu.

Maji moto nimeyakataa kwa sababu nyingine. Umeshamwona fundi wa vioo anavyokata kioo cha dirisha? Hakati, anakwaruza mstari mmoja alafu anakikunja kidogo kinapasuka chenyewe kufuata mstari. Glasi yako imejaa mistari ya namna hiyo mamia kwa mamia, na maji moto ghafla ni kama ule mkunjo. Hiyo inajibu na swali ambalo hukuuliza ila naona linakuja, la kunywea: hapana, hata Krismasi.

Rangi ya dhahabu inaingia kwenye vimistari, inajaza zile kingo zenye magamba ambazo ndo ushahidi wako wote, na kuitoa inabidi kemikali na muda wa mtaalamu na bado mabaki hubaki. Ukipaka leo, kesho hata mimi nikiishika mkononi sitaweza kukuambia ni almasi au asidi. Bei nayo inaondoka hapo hapo.

Kuhusu Tanga, hapa itabidi uniwie radhi. Najua unataka mama aione na ajivunie. Lakini hewa ya Tanga unyevu wake mara nyingi unapita asilimia 70, na kabati la vioo la sebuleni halizuii hilo hata kidogo. Kioo kizima kingevumilia, kioo kinachoumwa kitaisha, siyo leo, ila kitaisha. Kontena ndo usithubutu kabisa, ndani mchana ni tanuru usiku jasho linadondoka kutoka juu. Pendekezo langu mama mpelekee picha kubwa nzuri iliyopigwa na tochi ya pembeni, iwekwe fremu ukutani. Ukishikilia lazima iende, kwanza mtaalamu athibitishe haiumwi, alafu uibebe mwenyewe mkononi kwenye ndege ndani ya boksi gumu lenye sponji lililokatwa umbo lake, usijaze karatasi ndani ya tumbo kwa nguvu, na kule ikae chumba chenye AC isiyozimwa zimwa. Ukiniuliza mimi, ibaki Leiden.

Pesa je? Nitakuambia mpangilio tu. Chini kabisa ni glasi ya sasa yenye leza, hiyo ni ukumbusho. Juu yake roemer ya karne ya 19, bei ya kawaida ya vitu vya kale. Alafu roemer ya kweli ya karne ya 17 isiyo na maandishi, inatafutwa na wakusanyaji. Ile ile ikiwa imechongwa baadae, hapo wengine wanalipa PUNGUFU kuliko ingekuwa tupu, watu hawaamini nikiwaambia lakini ndo hali. Ya kweli yenye mwandiko wa kweli wa wakati wake ipo mbali sana juu, na yenye mkono unaojulikana zaidi tena. Kwa picha na maelezo yako mimi sithubutu kuchagua, ule mguu wa kamba unanipa matumaini kidogo, basi.

Nenda kwa watu kwa mpangilio huu. Kwanza mtaalamu wa kuhifadhi vioo, hata kama huoni dalili, akague uso. Pili mtaalamu wa vioo katika nyumba ya mnada inayouza vya kale, wengi wanaangalia bure wakitarajia utauza, na huna wajibu wa kuuza. Makumbusho kwa kawaida hayatoi bei lakini mtunzaji anaweza kukuambia kitu kuhusu mwandiko ukimtumia picha nzuri na vipimo. Mtu akikupa bei dirishani hapo hapo na kukuharakisha, funga boksi lako uondoke.

Na kabla ya hao wote waombe watoto wa bibi wakuandikie karatasi moja: kwamba wamekupa, lini, na glasi ilifikaje kwenye familia, ilikuwa ya nani kabla ya bibi, ilinunuliwa wapi kama wanakumbuka. Waweke saini wote, siyo mmoja. Leo ni glasi ya kumbukumbu na kila mtu anakupenda, ikija kuonekana ina thamani bila karatasi yatakuwa maneno mengine, na wewe ndo mgeni pale. Ile historia ya familia pia ndo kitu cha kwanza mtaalamu yeyote atakuuliza.